Samuel Lysons, Wakili Aliyeziandika Sakafu za Warumi

Wazee wetu wamesema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Uingereza alikuwako mtu aliyeishi kwa nasaha hiyo, si kwa fedha bali kwa majumba yaliyofukiwa na udongo. Mtu huyo ni Samuel Lysons.

Alizaliwa mwaka wa 1763 katika kijiji cha Rodmarton, jimbo la Gloucestershire, baba yake akiwa kasisi. Alisomea sheria akawa wakili, lakini mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora na moyo wake u katika mambo ya kale.

Warumi waliitawala nchi hiyo tangu mwaka wa 43 hadi karibu na mwaka wa 410. Matajiri wa zama hizo walijijengea majumba mashambani, sakafu zake zimepambwa kwa vijiwe vya rangi, na chini yake hupitishwa joto la moto siku za baridi. Dola ilipoanguka, majumba yakabomoka, mashamba na makaburi yakawa juu yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Woodchester. Wachimba makaburi walikuwa wakiigonga sakafu hiyo miaka mingi, na kila kaburi jipya hukata kipande chake. Mwaka wa 1793 Lysons akaanza kuchimba kwa utaratibu. Alikuta vyumba zaidi ya 60, na ukumbi wa karibu mita 15 kila upande, wenye sura ya Orpheus, mwimbaji wa hadithi za Wayunani, amezungukwa na ndege, simba na chui. Kamera hazikuwako. Lysons akapima, akachora, na mwaka wa 1797 akatoa kitabu kikubwa cha picha hizo.

Mwaka wa 1803 alifanywa mtunzaji wa hati za serikali katika ngome ya Tower ya London. Hata hivyo hakuuacha udongo. Mwaka wa 1811 mkulima George Tupper alikuwa akilima shamba lake huko Bignor, Sussex, plau ikagonga jiwe. Lysons akaitwa. Zikafunuliwa sura nyingi, mojawapo ikiwa ya Kipupwe, mtu aliyejigubika nguo hadi kichwani. Safari hii sakafu zilijengewa mabanda ya kuezekwa kwa nyasi, na watu wakaja kuzitazama.

Lysons alifariki mwaka wa 1819. Sakafu za Bignor zingali zatazamwa chini ya mapaa yake. Ama ile ya Woodchester, mara ya mwisho ilifunuliwa mwaka wa 1973, kisha ikafukiwa tena, nayo imekwisha haribika pakubwa kwa makaburi. Atakaye kuijua leo hana budi kukifungua kitabu cha yule wakili. Mali ile imo ardhini, lakini daftari yake ipo.