Marehemu Eliud Mathu, Mwafrika wa Kwanza Barazani

Mtu wa Ngoingwa hivi leo akiwa na shida ya barabara au ya maji humwendea mbunge wake wa jimbo la Thika Mjini, jimbo lililochagua mara ya kwanza mwaka 2013 baada ya kutolewa katika jimbo la Juja. Vijana huliona jambo hilo kuwa la desturi tu. Hawakujua siku ambazo Thika ilikuwa nchi ya masetla, Mwafrika akawa humo mtu wa kibarua katika kahawa na mkonge, kipande kikining'inia shingoni mwake, wala hana mtu wa kumsemea.

Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907. Toka mwaka 1924 neno la Waafrika lilisemwa humo na wamisionari, wa kwanza wao akiwa Dakta John Arthur wa Thogoto. Tusiwadharau, lakini mwenye kusemewa hakuulizwa.

Eliud Mathu alizaliwa Riruta mwaka 1910. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926, akasoma Fort Hare katika Afrika Kusini, kisha Uingereza, huko Exeter na Oxford. Aliporudi alikuwa mwalimu. Hakuridhika kwamba mwalimu Mwafrika alipwe pungufu kwa kazi ile ile, akaenda kuongoza shule ya Karing'a pale Waithaka, iliyojengwa kwa michango ya wazazi wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1944 Gavana alimteua kuingia Barazani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mwafrika humo, na ndipo katika mwezi ule ule watu wakaunda chama cha kumtegemeza, ambacho mwaka 1946 kilichukua jina la Kenya African Union. Mathu aliisema habari ya ardhi iliyochukuliwa, mishahara na shule. Habari ya kipande ndiyo iliyowagusa zaidi watu wa mashamba ya huku: aliipigania mpaka sheria ikageuzwa, na mwaka 1947 ukaanza uandikishaji wa watu wa rangi zote. Kufika mwaka 1948 Waafrika Barazani walikuwa 4.

Mwaka 1952 aliingizwa katika Halmashauri Kuu ya Serikali, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Hali ya Hatari ikatangazwa. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kwake. Watu wake walikuwa vizuizini, naye ameketi pamoja na watawala. Wapo waliomlaumu mpaka mwisho. Kwa maoni yetu, aliyebaki mle ndani akisema alifanya kazi ambayo asiyekuwamo hakuweza kuifanya, ingawa hatuwezi kuwalazimisha waliopoteza ndugu zao kukubali hivyo.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura mara ya kwanza, kwa viti 8. Haikuwa kura ya kila mtu: ilitaka elimu, mali au utumishi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na hati ya uaminifu kwa Serikali. Wakikuyu wengi walinyimwa hati hiyo, na maelfu walikuwa bado kizuizini. Wameru waliandikishwa kwa wingi kuliko wao. Kiti cha Mkoa wa Kati kikamwendea Bwana Bernard Mate wa Meru. Hivyo Mathu, aliyekuwa akidai miaka yote hiyo Waafrika waongezewe sauti, alitolewa na uchaguzi ambao wengi wa watu wake hawakuruhusiwa kuushiriki. Mwaka uliofuata viti viliongezwa, na Dakta Julius Kiano akachaguliwa kwa upande wa kusini wa Mkoa huo.

Mathu hakurudi Barazani. Aliitumikia Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kule Addis Ababa, na baada ya Uhuru alikuwa Katibu wa Rais Kenyatta katika Ikulu, si mbali na Riruta alikozaliwa. Alifariki mwaka 1993.