Julius Nyerere na Haki Uwanjani

Hapo zamani mji wa Tabora, ambao Gongoni ni sehemu yake, ulikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi walipita wakichukua pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na pamoja nao walipita watumwa waliofungwa minyororo. Siku hizo mwanadamu aliweza kutiwa bei kama mzigo wa nguo. Misafara hiyo ilikuwa imekwisha kitambo alipofika Tabora, mwaka 1937, kijana mmoja kutoka Butiama, ili asome katika Shule ya Serikali. Aliitwa Kambarage, naye alipobatizwa baadaye akapewa jina la Julius.

Kijana huyo alizaliwa mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Wenzake walipokwenda kucheza, yeye alipenda kubaki bwenini na kusoma vitabu. Michezo haikumvuta, alichopenda ni majadiliano. Alipomaliza masomo ya Makerere alirudi Tabora, akafundisha katika Shule ya St. Mary's tangu mwaka 1946 hata 1949, ndipo akaenda Edinburgh kuongeza elimu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye ndiye aliyeiongoza.

Ni ajabu basi kwamba mtu huyu, asiyekuwa mchezaji, alikuja kupigania haki katika michezo. Katika Afrika Kusini serikali iliwatenga watu kwa rangi zao. Mtu mweusi, hata akiwa na mbio kama paa, hakuruhusiwa kuchezea timu ya taifa pamoja na wazungu. Kwa ajili hiyo nchi ile ilifukuzwa katika Olimpiki mwaka 1970. Lakini mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza huko, na katika mwezi wa Juni mwaka huo huo polisi walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kuingia katika Olimpiki ya Montreal. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakisema raga haikuwa katika michezo yao. Basi Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kukataa kwenda, na nchi nyingine zaidi ya 20 zikafanya vivyo hivyo.

Kukataa huko kulikuwa na gharama. Mkimbiaji wa Tanzania, Filbert Bayi, alikuwa ameshinda mbio za mita 1,500 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hadi siku ile hakukuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia upesi hivyo. Aliyemfuata alikuwa John Walker wa New Zealand. Watu wengi walingoja kuwaona wakishindana tena Montreal. Walker alikwenda, akapata medali ya dhahabu, Bayi alibaki. Nguvu za mkimbiaji ni za miaka michache, na hasara ile haikumwangukia Rais, bali kijana aliyejitayarisha kwa jasho lake. Wengine walinung'unika kwamba siasa isiingizwe katika michezo. Lakini siasa ilikuwa imekwisha kuingia uwanjani siku ile mtoto mweusi alipofungiwa mlango.

Mwaka 1980 Marekani ilitaka nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, ikamtuma Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, hata Dar es Salaam. Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari wakamwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Mwaka 1992 Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki, huko Barcelona, weusi na weupe katika timu moja. Nyerere aliishi hata kuyaona hayo, kisha akafariki London, tarehe 14 Oktoba 1999.

Enyi wanafunzi, mchezo wa haki hauanzi kipenga kinapolia. Huanza langoni, pale inapoamuliwa nani aingie na nani azuiwe. Na anayesimama kutetea haki ya mwenziwe akumbuke pia kumshukuru yule aliyelipa gharama yake.