Habib Saleh wa Lamu: Ibada ya Furaha na Shukrani

Kila mwaka unapoingia Mfungo Sita, mji wa Lamu hufurika watu. Wageni hutoka Mombasa, Malindi, Tanzania na hata Komoro kuja kuhudhuria Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Matari hupigwa, kasida husomwa, na wakubwa kwa wadogo hufurahi. Lakini vijana wengi hawajui ya kwamba mtu aliyeyaanzisha mambo hayo alilaumiwa sana katika zama zake.

Mtu huyo ni marehemu Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilail, maarufu kwa jina la Habib Saleh. Alizaliwa Komoro katika karne ya 19, akahamia Lamu angali kijana na kusoma kwa wanazuoni wa mji ule.

Kwa vile alikuwa Sharifu na mwenye elimu, angeweza kukaa kwa raha miongoni mwa wakubwa wa Mkomani, penye majumba ya mawe. Yeye alikwenda Langoni, pembezoni mwa mji, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Huko walikaa wanyonge: watumwa, walioachwa huru na wageni wasio na ukoo mkubwa. Itakumbukwa ya kwamba utumwa haukufutwa kabisa katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Watu hao walikuwa Waislamu, lakini elimu ya juu ya dini ilikuwa haiwafikii. Habib Saleh aliwafungulia mlango. Aliwasomesha Kurani na maana yake, na walipougua aliwatibu kwa dawa za miti.

Wanafunzi wake walipenda ngoma, naye hakuwakemea. Alichukua Maulidi yaliyotungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakawa yanasomwa kwa sauti za pamoja na matari, tena ndani ya msikiti.

Hapo ndipo lawama zilipozidi. Wakubwa wa mji walizoea Maulidi ya Barazanji, yasomwayo kwa utulivu. Waliona kupiga matari msikitini ni kuvunja heshima ya nyumba ya Mungu. Hoja yao haikuwa ya kudharauliwa, na hata leo wako wanazuoni wanaoishikilia. Lakini Habib Saleh aliona kuwa mja aliyenyimwa kila kitu na walimwengu naye ana jambo kubwa la kushukuru, kwani Mtume aliletwa kwa ajili yake pia. Kwa nini basi asifurahi mbele ya Mola wake?

Msikiti wa Riyadha ukajengwa huko huko Langoni, ukawa chuo kikubwa. Wanafunzi wake walieneza elimu na Maulidi hayo katika pwani nzima. Habib Saleh alifariki katika miaka ya 1930, na mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, akaiendeleza kazi yake. Hadi leo kaburi lake huzuriwa wakati wa Maulidi.

Ndugu msomaji, tunapoyasikia matari ya Lamu tukumbuke yaliyotangulia: darsa kwa asiyesomeshwa na dawa kwa mgonjwa asiye na kitu. Furaha ya Habib Saleh ilisimama juu ya kazi hiyo, nayo ndiyo shukrani yake kwa Mola. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.