Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Mtoto wa Umanyema



Leo tumzungumze Sheikh Yahya bin Abdallah, yule unayemsikia kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Ukilisikia jina hilo unamuona mzee mwenye kilemba, khalifa wa Qadiriyya. Mimi nataka kwanza umuone mtoto.

Alizaliwa Umanyema, Kongo ya leo, akaletwa pwani utumwani angali mdogo. Usidhani ni habari ya mbali. Njia ya misafara toka Ujiji hadi Bagamoyo ilikatiza huku kwetu Usagara, na watoto kama yeye walipita hapa kwa miguu.

Bagamoyo akaingia nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, tajiri wa Kiomani. Tusipambe jambo: alikuwa mtumwa, na utumwa ni dhuluma hata kama nyumba ina chakula. Lakini alipata kusoma, na alipokuwa huru alikuwa na elimu kidogo na watu wanaomjua. Akaanza kuuza samaki. Ndiyo, samaki! Hakuanza na kilemba. Polepole akaingia biashara ya mbata, akapata mashamba ya minazi, na huku anaendelea kukaa mbele ya masheikh. Mwisho akafungua madrasa yake, na mji uliompokea kama bidhaa ukawa unamwita sheikh. Alifariki 1931, mwanawe Sheikh Muhammad akashika nafasi yake.

Sasa angalia pale katikati, kati ya kuachiwa huru na kusimama mwenyewe. Pale ndipo sisi tunaporuka. Kilosa na Mikumi tunajua kulea yatima: daftari, sare, futari. Akimaliza kidato cha nne tunamwambia umeshakuwa mkubwa, katafute maisha. Basi anafukuza mabasi pale barabara kuu Mikumi na karanga mkononi, usiku analala popote. Chumba kinadaiwa kodi ya miezi kadhaa mbele, atoe wapi? Kwa binti ni mtihani zaidi, maana anayempa pa kulala si kila mara anampa bure.

Mtume (s.a.w.) hakuliacha hilo. Msikitini kwake Madina palikuwa na Suffa, kibaraza cha wasio na kwao. Walilala pale, wakala, wakasoma, na aliyepata riziki au kuoa alihama. Abu Hurayra alikaa pale kwa njaa kali. Baadaye akawa gavana wa Bahrain zama za Sayyidna Umar.

Kama una chumba cha uani kimekaa tupu, cherehani imefunikwa kitambaa, au wewe ni fundi unayetaka msaidizi, nione leo baada ya tarawehe, au mwone katibu. Tuanze na vijana wachache, miezi sita bila kodi, halafu nusu, halafu alipe mwenyewe. Na kijana fukara anastahiki zaka, msisahau mnapopiga hesabu zenu.