Woody Strode, Mtu Mweusi Katika Nchi ya Makauboi

Waliozikulia filamu za kauboi hawana haja ya kukumbushwa sura zake: jangwa, farasi, bastola kiunoni, na Mzungu mmoja anayeingia mjini peke yake kuja kuwaokoa wanyonge. Mwenye kuzitazama filamu hizo miaka nenda miaka rudi angeweza kuamini kwamba mtu mweusi hakupata kukanyaga magharibi ya Marekani, ila labda kwa kumshikia bwana wake hatamu. Historia haisemi hivyo. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila wachunga ng'ombe wanne wa zama zile, mmoja alikuwa mweusi, na mwaka 1866 serikali ya Marekani iliunda vikosi viwili vya askari weusi wapanda farasi, cha 9 na cha 10. Makampuni makubwa ya senema yaliyafumbia macho hayo kwa zaidi ya nusu karne. Aliyeyarejesha mbele ya walimwengu, kwa kimo chake na kwa sura yake, ni Woodrow Strode, maarufu kwa jina la Woody.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, mtoto wa mwashi. Umbo lake lilikuwa la ajabu tangu ujanani, hata msanii Hubert Stowitts akamchora miongoni mwa wanamichezo ambao picha zao zilipelekwa Berlin wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1936. Wanazi waliyafunga maonyesho hayo, kwa kuwa ndani yake walikuwamo watu weusi na Mayahudi.

Katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Strode alicheza mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mkononi na kugombaniwa kwa vifua, pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1939 timu yao haikufungwa hata mara moja. Lakini ligi ya kulipwa ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu 1934. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na maelewano ya namna hiyo huwa magumu kuyavunja kuliko sheria. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles na kutaka kuutumia uwanja uliojengwa kwa fedha za umma. Waandishi wa magazeti ya watu weusi wakasimama kudai haki. Washington akasajiliwa, na Strode akafuata. Alikuwa amekwisha kupita miaka thelathini, na miaka yake bora ya mchezo ilikuwa imeliwa na ubaguzi na vita. Baada ya msimu mmoja akaachwa. Akaenda Canada, na mwaka 1948 timu yake ya Calgary ikatwaa ubingwa bila kushindwa.

Mkewe, Luukialuana Kalaeloa, alikuwa mwenyeji wa asili wa visiwa vya Hawaii, na ndoa hiyo ilidumu hadi alipofariki mwaka 1980.

Kwa muda mrefu riziki ya Strode ilitoka katika mieleka, na senema ikamwita pale tu ilipohitaji mwili mkubwa mweusi. Katika filamu ya Sundown ya 1941, ambayo kisa chake kimewekwa Kenya ya wakati wa vita lakini ikapigwa Marekani, alipewa nafasi ndogo ya askari wa kienyeji chini ya maafisa wa Kiingereza. Katika The Ten Commandments ya 1956 aliigiza mfalme wa Ethiopia, na katika filamu hiyo hiyo akaigiza pia mchukuzi wa machela ya binti wa Firauni. Mfalme na mtumwa kwa mtu mmoja! Wenye filamu hawakuona tofauti kubwa baina ya hao wawili.

Mwaka 1960 ndio uliobadili mambo. Katika Spartacus aliigiza Draba, mtumwa wa Kiethiopia aliyelazimishwa kupigana na mwenziwe ili mabwana wa Kirumi wastarehe. Draba anamshinda Spartacus, kisha anakataa kumuua, na badala yake anawageuzia silaha mabwana. Anauawa papo hapo. Dakika zake katika filamu hiyo ndefu ni chache, na ndizo wengi wanazozikumbuka.

Mwaka huo huo mwongozaji John Ford alimpa nafasi ya Sajini Rutledge, askari wa kikosi cha 9 anayeshitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kumnajisi na kumuua msichana wa Kizungu, na kumuua baba yake ambaye ni kamanda. Sajini anapata nafasi ya kutoroka, lakini anarudi kuwaonya wenzake wanaokaribia kuvamiwa, na mwishowe hatia inaonekana kuwa ya mtu mwingine. Kabla ya hapo hakuna kampuni kubwa ya Hollywood iliyomfanya mtu mweusi kuwa kiini cha filamu ya kauboi, yule ambaye vijana humwita steringi. Hata hivyo, katika orodha ya waigizaji jina lililotangulia lilikuwa la Jeffrey Hunter, Mzungu aliyeigiza wakili wake. Na jambo jingine haifai kulipita kimya: wanaovamia ni Waapache, wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao, na askari weusi walitumwa kuwapiga. Filamu inadai haki kwa mnyonge mmoja huku ikimsahau mwingine.

Mwaka 1962, katika The Man Who Shot Liberty Valance, Ford alimrudisha katika utumishi. Strode ni Pompey, mtumishi wa kauboi aliyeigizwa na John Wayne. Wapo waliomlaumu kwa kuzikubali nafasi kama hizo. Sisi tunaona lawama hiyo imemkosea mwenyewe. Mtazameni Pompey darasani, mtu mzima aliyeketi na watoto, akitakiwa kulisoma kwa moyo tangazo la uhuru wa Marekani. Anasahau sehemu ile ile isemayo kuwa watu wote wameumbwa sawa. Na siku ya uchaguzi, wanaume wa mji wanapiga kura ndani, naye ameketi nje na bunduki yake akilinda. Strode hakuongeza neno. Alikaa tu, na kukaa kule kunawashitaki waliomo ndani.

Italia ilimpa heshima, na malipo mazuri zaidi, kuliko alivyopewa kwao. Mwaka 1968 mwongozaji Valerio Zurlini alimweka katika nafasi ya Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa, ambaye kila mtazamaji alimtambua kuwa ni Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hakuna mwigizaji wa kauboi mwingine tumjuaye aliyepewa kuibeba amana hiyo. Mwaka huo huo Sergio Leone alimsimamisha kituo cha reli mwanzoni mwa Once Upon a Time in the West, matone ya maji yakidondokea kofia yake, naye hatikisiki.

Ford alipodhoofika kwa maradhi, Strode alilala sakafuni nyumbani kwake miezi minne akimwuguza, na alikuwapo mwongozaji huyo alipokata roho mwaka 1973. Yeye mwenyewe alifariki Glendora, California, tarehe 31 Desemba 1994. Mwaka 1995 ilitoka filamu ya vikatuni ya Toy Story, ambamo mwanasesere kauboi amepewa jina la Woody kutokana naye. Mwanasesere huyo sasa yumo mikononi mwa watoto wa dunia nzima, amevaa kofia na buti, na uso wake ni wa Kizungu.