Waruhiu Itote: Askari na Mzigo wa Damu

Kwa mtoto wa Kiandutu, jenerali wa Mau Mau kwanza ni jina la barabara: mjini Thika ipo iitwayo Jenerali Kago. Lakini jina la barabara halitwambii lolote kuhusu yale ambayo kuua humtendea aliyeua. Maisha ya Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China, yanatupa nafasi ya kuliuliza swali hilo.

Itote alizaliwa mwaka 1922 huko Nyeri. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Ceylon na hatimaye Burma kupigana na Wajapani. Anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba huko askari mmoja Mwingereza alimwuliza Mwafrika alikuwa akipigania nini, ilhali Mwingereza alikuwa akiitetea nchi yake. Swali hilo lilimwandama. Askari humwua mtu asiyemjua, na sababu ya kufanya hivyo ndiyo ngao ya moyo wake. Itote alikabidhiwa bunduki pasipo ngao hiyo.

Katika mila za Wagikuyu, aliyemwua mtu alikuwa na thahu, yaani unajisi, ambao uliweza kuwapata hata waliokula naye nyumbani mwao. Ilibidi mganga awatakase. Mila hiyo ilitambua kwamba kuua hakuishii uwanjani, na kwamba jamii ina wajibu wa kumrejesha aliyeua. Jeshi la kikoloni lilimvua askari sare tu. Itote akaenda kufanya kazi katika reli.

Mwaka 1952 aliingia msituni, akawa kamanda katika Mlima Kenya. Safari hii sababu alikuwa nayo: ardhi na uhuru. Hata hivyo, adui hakuwa mgeni peke yake. Wagikuyu waliuana na Wagikuyu wenzao, wapiganaji wa msituni kwa walinzi waliotumikia serikali. Sababu njema huweza kukihalalisha kifo, lakini haiufuti uso wa jirani aliyekufa.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa na kukamatwa, kisha akahukumiwa kunyongwa. Alikubali kuwaandikia wenzake barua za kutafuta mapatano, na adhabu ile ikabatilishwa. Mazungumzo yalivunjika Aprili mwaka huo huo. Wapo waliomwona msaliti. Je, aliandika kwa kuogopa kitanzi au kwa kuchoshwa na vifo? Kwa maoni yangu, si lazima tuchague moja; moyo wa askari huweza kubeba yote mawili.

Alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, aliyemfunza Kiingereza. Aliachiliwa mwaka 1962, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mtu aliyefunzwa vita akawaongoza vijana katika kazi za ujenzi wa taifa. Mwaka 1967 alichapisha kumbukumbu zake, kwa Kiingereza. Alifariki mwaka 1993.

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tuna deni hapa. Tumewaimba mashujaa kwa ushindi wao. Tumewauliza mara chache usingizi wao ulikuwaje. Wazee wa vita vile wamesalia wachache. Tukiwaendea, tusiwaulize waliua wangapi. Tuwaulize ni nani aliyewapokea waliporudi.