William Jones: Mtumwa Aliyerudi Pwani

Kandokando ya Mji wa Kale wa Mombasa lipo Kanisa Kuu lenye kuba, lililowekwa wakfu mwaka 1905. Lilijengwa kuwakumbuka maaskofu wa awali, akiwemo James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Aliyeuongoza msafara wake kurudi pwani baada ya msiba huo alikuwa William Jones, Myao aliyepata kuwa mtumwa.

Jones alitekwa angali mtoto. Baada ya kukombolewa, alilelewa na kusomeshwa India, pamoja na Waafrika wengine walioondolewa katika minyororo. Mwaka 1864, yeye, Ishmael Semler na George David walirudi Afrika kumsaidia Johannes Rebmann huko Rabai. Walijulikana kama Waafrika wa Bombay. Mwaka 1875 kijiji cha Frere Town kilianzishwa Kisauni, ng'ambo ya Mji wa Kale, kuwapokea watumwa waliokombolewa. Nao Waafrika hao wakawa walimu na viongozi wa jamii hiyo mpya.

Mwaka 1885 Hannington aliwapa Jones na Semler ushemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana naye safarini, akaachwa njiani na sehemu kubwa ya msafara. Habari za mauaji zilipomfikia, aliwakusanya wapagazi na kuwafikisha Rabai, Februari 1886.

Mtihani mkubwa zaidi ulimngoja nyumbani. Watoro waliowakimbia mabwana zao walijificha Rabai, naye Jones akawapa hifadhi, ingawa wenye watumwa walitishia kushambulia. Mgogoro huo wa mwaka 1888 ulitulia pale George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipowalipa mabwana fidia. Januari 1889, zaidi ya watoro elfu moja walipewa hati za uhuru.

Jones alipewa ukasisi mwaka 1895. Hata hivyo, mwafrika aliyesoma hakuhesabiwa sawa na mmisionari Mzungu, si kwa mshahara wala kwa cheo. Jones na wenzake waliipinga hali hiyo waziwazi. Aliyewahi kudai uhuru wa watoro hakuona sababu ya kunyamaza palipohusika heshima yake mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili anaijua jamii hiyo kupitia Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichochapishwa mwaka 1934. Akikisoma huku akimkumbuka Jones, ataona kwamba ukombozi haukukamilika siku minyororo ilipokatwa. Waliokombolewa walilazimika kuuendeleza wenyewe.